Rachel Carson: Bibi Aliyeyaona Machozi ya Samaki

Machozi ya samaki huenda na maji. Wahenga wetu walipounena msemo huu walikuwa wakimsikitikia mnyonge ambaye kilio chake hakionekani, kwani aliaye ndani ya maji, nani atakayeyatambua machozi yake? Mbuzi akiugua hukataa majani, kuku husinzia uani, ng'ombe hubaki nyuma ya wenzake, na mwenyewe akajua kuwa pana jambo. Lakini samaki huugua chini akafia chini, na mara nyingi binadamu hana habari naye mpaka siku ile mizoga inapoelea juu. Hata hapo, wengi wetu huziba pua tukapita.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye hakupita. Jina lake ni Rachel Louise Carson, aliyefariki dunia mwaka wa 1964 akiwa na umri wa miaka 56. Watu wakimtaja siku hizi aghalabu humtaja kwa ajili ya ndege wa angani, kwa sababu kitabu chake kilichoitikisa dunia kilipewa jina la majira ya machipuko yaliyonyamaza, yaani yasiyokuwa na sauti ya ndege. Si makosa kumtaja hivyo. Ila kazi ya bibi huyu tangu ujana wake ilikuwa samaki. Alisomea samaki, akaajiriwa katika idara ya samaki, na baadhi ya ushahidi wake mzito kabisa aliutoa mitoni na ziwani. Asiyelijua hilo hataelewa ni kwa nini neno lake lilikuwa na uzito hata wakubwa wa viwanda wakaliogopa.

MTOTO WA BARA

Rachel alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, karibu na mto Allegheny, jimbo la Pennsylvania. Hapo ni bara, mbali na mawimbi na mashua. Alikuwa kitindamimba wa watoto watatu. Baba yake, Bwana Robert Carson, alikuwa mtu wa kipato kidogo. Mama yake, Bibi Maria, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa na desturi ya kumchukua mwanawe msituni na kumwonyesha wadudu, maua na ndege, akimfunza kutazama kwa utulivu bila ya kuharibu. Mtoto akapenda mambo mawili pamoja: viumbe na kalamu. Alipokuwa na umri wa miaka 11 tayari hadithi yake ilikuwa imepigwa chapa katika jarida la watoto, na yeye mwenyewe akaamini kwamba atakuwa mwandishi wala hatakuwa kitu kingine.

Mwaka wa 1925 aliingia chuo cha wanawake mjini Pittsburgh. Ada ilikuwa mzigo. Mama aliuza kuku na hata vyombo vya nyumbani ili binti asome. Hapo chuoni Rachel alianza na fasihi ya Kiingereza, kisha akakutana na mwalimu wa elimu ya viumbe, Bibi Mary Scott Skinker, aliyemfungulia mlango mwingine. Akaacha fasihi, akachukua sayansi. Rafiki zake walishangaa, maana siku hizo mwanamke mwenye elimu ya sayansi hakuwa na kazi ya kutarajia isipokuwa kusomesha watoto wa shule. Alihitimu mwaka wa 1929 kwa daraja ya juu.

Katika kiangazi cha mwaka huo huo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza, akiwa mtu mzima wa miaka 22, kwenye kituo cha utafiti cha Woods Hole katika jimbo la Massachusetts. Sisi tuliozaliwa tukiisikia bahari kabla ya kujua jina lake huenda tusijue ladha ya siku kama hiyo. Tokea hapo hakuiacha tena.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, akapata shahada ya pili ya elimu ya wanyama mwaka wa 1932. Utafiti wake ulimhusu kambare: jinsi figo za mwanzo zinavyojitengeza katika kiinitete cha samaki huyo kabla ya figo za kudumu kushika kazi. Msomaji asilione jambo hili kuwa dogo. Kwa miezi mingi msichana huyu alikaa mbele ya hadubini akimtazama samaki kwa ndani, kiungo kwa kiungo, angali ndani ya yai. Alijua kwamba samaki hana ukuta mnene kati yake na maji. Maji hupita kwenye matamvua yake mchana na usiku, na kilichomo majini humwingia damuni. Miaka thelathini baadaye elimu hiyo ilimfaa.

MEZANI KWA MITO YOTE

Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya dhiki kuu katika Marekani, kazi zikawa adimu. Mwaka wa 1935 baba yake alifariki ghafla, na Rachel akawa ndiye tegemeo la nyumba. Alikwenda kubisha katika Idara ya Samaki ya serikali mjini Washington, ambako mkuu mmoja, Bwana Elmer Higgins, alikuwa akitafuta mtu wa kuandika vipindi vya redio juu ya viumbe wa majini. Wataalamu waliojaribu walikuwa wanajua samaki lakini hawajui kuandika, na waandishi walikuwa wanajua kuandika lakini hawajui samaki. Rachel alijua yote mawili. Aliandika vipindi 52, kila kimoja cha dakika 7.

Mwaka wa 1936 alifanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali, akawashinda wote waliofanya naye, akaajiriwa kuwa mtaalamu mdogo wa viumbe wa majini. Alikuwa mwanamke wa pili tu kupewa cheo cha kitaaluma cha kudumu katika idara ile. Mwaka uliofuata dada yake alifariki akiacha mabinti wawili, na malezi yao yakawa juu ya Rachel na mama yake. Hivyo mshahara mmoja ukawalisha watu wanne, na kila usiku, baada ya kazi ya ofisi, alikaa kuandika makala ya magazeti ili apate cha kuongezea.

Katika mwaka wa 1941 alitoa kitabu chake cha kwanza. Ndani yake mashujaa hawakuwa watu, bali ndege wa pwani wa jamii ya vitwitwi, samaki wa baharini wa jamii ya vibua, na mkunga mmoja anayetoka mtoni kwenda kuzaa katikati ya bahari kuu. Kitabu kilisifiwa na wenye elimu, lakini mwezi mmoja tu baada ya kutolewa, Marekani iliingia vitani, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusoma habari za mikunga. Nakala zilizouzwa hazikutimia 2,000.

Rachel akarudi mezani kwake. Wakati wa vita aliandika vitabu vidogo vya serikali vya kuwahimiza watu wale samaki ambao hawakuwazoea, kwa sababu nyama ilikuwa ya mgawo. Mwaka wa 1949 alikuwa ndiye mhariri mkuu wa machapisho yote ya idara, ambayo kwa wakati huo ilikwisha unganishwa na ile ya wanyamapori. Kazi yake ilikuwa kusoma taarifa za mabwana samaki waliotawanyika nchi nzima: samaki wangapi wamehesabiwa katika mto huu, mayai yameanguliwa lini katika mto ule, ugonjwa gani umezuka katika mabwawa ya kufugia. Wahenga wamesema bahari iliko ndiko mito iendako. Meza ya Bi. Rachel Carson ilikuwa bahari, na taarifa za mito yote ziliishia hapo.

Kupitia meza hiyo, mwaka wa 1945, alipata habari zilizomshtua. Wataalamu wa idara yake walikuwa wakijaribu dawa mpya iitwayo DDT huko Maryland, ili wajue yatakayowapata samaki na ndege dawa hiyo ikinyunyizwa. Aliliandikia jarida moja kubwa akiomba aandike makala juu ya jambo hilo. Jarida halikutaka.

Basi alirejea kwenye bahari yake. Mwaka wa 1951 alitoa kitabu cha pili, kilichoeleza asili ya bahari, mikondo yake na viumbe wake. Safari hii nyota ilimwakia. Kitabu kilikaa wiki 86 katika orodha ya vitabu vinavyonunuliwa sana, kikapata tuzo ya taifa ya vitabu, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Mwaka wa 1952 aliacha kazi ya serikali akawa mwandishi mtupu, akajenga nyumba ndogo ufukoni katika jimbo la Maine, akatoa kitabu cha tatu mwaka wa 1955 juu ya viumbe wakaao baina ya maji kujaa na maji kupwa.

DAWA ILIYOSIFIWA

Hapa yafaa tueleze DDT ni kitu gani. Mwaka wa 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba unga huu huua wadudu kwa kuugusa tu, na nguvu yake hudumu. Wakati wa vita vikuu vya pili uliwaokoa watu wengi na homa iletwayo na chawa, na uliwapunguza mbu wa malaria katika nchi nyingi. Mwaka wa 1948 Müller alipewa tuzo ya Nobel. Watu waliusifu unga huo kama hidaya, na vita vilipokwisha ulimwagwa kila mahali: mashambani, misituni, bustanini, hata juu ya paa za nyumba, kwa eropleni zilizopita zikinyunyiza kama mvua.

Watu wa pwani yetu wanaujua utupa. Majani yake hupondwa, yakatiwa katika vidimbwi vya mwambani maji yanapokupwa, na samaki hulewa wakaelea wakaokotwa. Ni uvuvi mbaya, kwani huua wakubwa na wachanga, wa kuliwa na wasioliwa. Hata hivyo nguvu ya utupa huisha baada ya siku chache. DDT si hivyo. Haiyeyuki majini, hupenda mafuta, na hukaa miaka. Ikimwingia kiumbe huenda ikajificha katika mafuta ya mwili wake, ikangoja.

Mwezi wa Januari 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts alimwandikia barua kumweleza jinsi ndege walivyokufa nyumbani kwake baada ya eropleni kupita ikinyunyizia mbu. Barua hiyo ndiyo iliyomrudisha Rachel kwenye jambo lililokataliwa mwaka wa 1945. Akaanza kukusanya ushahidi. Naye alijua pa kuutafuta, kwani wengi wa waliokuwa wakiuandika ushahidi huo walikuwa wenzake wa zamani wa kazi.

MTO WA MIRAMICHI

Kisa cha kwanza kilikuwa cha Kanada, katika jimbo la New Brunswick. Huko uko mto uitwao Miramichi, unaosifika kwa samaki salmoni. Salmoni huzaliwa katika maji baridi ya mtoni, mayai yake yakiwa yamefukiwa changaraweni. Wachanga hukaa mtoni miaka kadhaa wakila wadudu wa majini, kisha hushuka baharini, wakakua, na baadaye hurudi kwenye mto ule ule waliozaliwa ili nao wazae.

Mwezi wa Juni 1954 eropleni zilipita juu ya msitu uliouzunguka mkono wa kaskazini-magharibi wa mto huo. Nia ilikuwa kuwaua viwavi waliokuwa wakila miti ambayo viwanda vya karatasi viliitegemea. Kipimo kilikuwa nusu ratili ya DDT kwa kila ekari. Hakuna aliyekusudia kumdhuru samaki. Lakini msitu una vijito, na vijito huingia mtoni. Siku mbili hazikupita, samaki waliokufa na wenye kukata roho wakaonekana kando ya maji, na miongoni mwao salmoni wachanga. Wadudu wa majini nao wakafa, hata mchanga aliyenusurika na sumu hakupata chakula.

Kwa bahati, wataalamu wa samaki wa Kanada walikuwa wakiwahesabu salmoni wa mto huo kila mwaka tangu 1950. Kwa hiyo safari hii machozi ya samaki hayakwenda na maji; yaliandikwa kwa hesabu. Wachanga wote walioanguliwa majira yale katika sehemu iliyonyunyizwa walikuwa wametoweka. Uzao wa mwaka mzima ulifutika. Waliozaliwa miaka miwili ya nyuma nao walipungua sana. Mwisho wa kiangazi tufani kubwa ilileta mvua na mafuriko, wakubwa wengi wakapanda kutoka baharini wakataga, na mto ukapata nafuu. Bi. Carson aliieleza nafuu hiyo pia, hakuificha. Lakini alionya kwamba mto usiachwe utegemee tufani.

Kutoka upande wa pili wa Kanada, katika kisiwa cha Vancouver, alipata habari nyingine. Mwaka wa 1957, baada ya msitu kunyunyizwa, mtaalamu mmoja aliwaona samaki trauti wachanga, ambao kwa kawaida ni wepesi na wakali, wakijikokota majini wala hawakimbii mtu. Alipowachunguza alikuta utando mweupe umefunika macho yao. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba salmoni wasiouawa na DDT kidogo waliingiwa na upofu. Basi samaki aliyeponea kifo alikuwa kipofu, na kipofu katika mto hana maisha.

ZIWA LILILOONEKANA SAFI

Kisa kinachoogofya zaidi kilitoka Clear Lake, ziwa la California lililopendwa na wavuvi wa burudani. Kulikuwa na visubi wadogo wasiouma, ambao kosa lao lilikuwa wingi wao. Mwaka wa 1949 wenye mamlaka walitia ziwani dawa iitwayo DDD, ndugu wa DDT, kwa kipimo kidogo mno: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Visubi wakarudi. Mwaka wa 1954 dawa ikatiwa tena, sehemu 1 kwa milioni 50, na mara ya tatu mwaka wa 1957.

Ziwani humo walikuwamo vibisi wa aina kubwa, ndege wa kupiga mbizi walao samaki. Baada ya dawa ya 1954 walianza kufa, zaidi ya mia moja kwa mara moja. Walitafutiwa ugonjwa wa kuambukiza, usionekane. Mwishowe mtu mmoja akapata wazo la kuyapima mafuta ya miili yao, akakuta dawa sehemu 1,600 katika milioni. Hiyo ni mara 80,000 ya kile kilichotiwa majini.

Imekuwaje? Viumbe vidogo vinavyoelea majini vilikuwa vimeinyonya dawa. Samaki wadogo walivila vile viumbe kwa maelfu, wakubwa wakawala wadogo, na ndege akawala wakubwa. Kila aliyekula alirithi sumu ya wote aliowala. Jozi za vibisi zilizokuwa zaidi ya 1,000 zilibaki kama 30 tu kufikia mwaka wa 1960. Hata hivyo maji ya ziwa yalipopimwa, dawa haikuonekana. Samaki waliokuwa wakiogelea walionekana wazima, nao walivuliwa wakaliwa na watu.

Hapa ndipo lilipo jambo kuu la maisha ya bibi huyu. Kabla yake, afya ya samaki ilikuwa habari ya bwana samaki na mwenye bwawa. Yeye aliwafahamisha watu wa kawaida kwamba ugonjwa wa samaki na ugonjwa wa maji ni kitu kimoja, na kwamba yule anayekula mwisho ndiye anayekusanya yote. Anayekula mwisho ni mwanadamu.

VITA VYA WAKUBWA

Kitabu kilitoka tarehe 27 Septemba 1962, baada ya sehemu zake kuchapishwa katika jarida la New Yorker mwezi wa Juni. Mwishoni mwake aliorodhesha vyanzo vyake katika kurasa zaidi ya 50, ili atakayemkanusha ajue atakanusha nini. Kishindo chake kilikuwa kikubwa. Kampuni moja ya madawa ilimtishia mchapishaji kumpeleka mahakamani. Wengine walitoa fedha nyingi kuchapisha vijitabu vya kumpinga. Wapo waliosema ni mwanamke asiye na mume aliyechanganyikiwa kwa mapenzi ya ndege. Wapo waliomshuku ukomunisti. Waliomjibu kwa hesabu za samaki walikuwa wachache.

Wasilolijua ni kwamba waliyekuwa wakimpiga alikuwa mgonjwa. Mwaka wa 1960, katikati ya kuandika, alikatwa titi kwa sababu ya saratani, na saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Sura za kitabu alizimaliza akiwa baina ya kitanda na tiba ya miali iliyomdhoofisha. Mama yake aliyemlea alikuwa amefariki mwaka wa 1958, na nyumbani alikuwa akilea mtoto yatima wa mpwa wake. Ugonjwa wake aliuficha makusudi, ili watu wasiseme kwamba amezishtaki dawa kwa uchungu wa maradhi yake.

Mwezi wa Aprili 1963 alionekana katika televisheni, akazungumza kwa sauti ya chini na utulivu, na Wamarekani walioambiwa kuwa ni mwanamke mwenye wazimu wakamwona mtu mwenye akili zake timamu. Mwezi wa Mei kamati ya wanasayansi iliyoundwa na Rais Kennedy ilitoa taarifa iliyokubaliana naye katika mambo mengi. Tarehe 4 Juni alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti.

Kisha mto Mississippi ukasema wenyewe. Mwishoni mwa 1963 mamilioni ya samaki walielea wamekufa katika sehemu za chini za mto huo, wengi wao kambare, huku wakivuja damu. Kulikuwa na waliodai kuwa ni ugonjwa wa kuvimba matumbo tu. Wataalamu wa serikali waliwapima samaki hao, wakakuta ndani yao endrini, sumu ya kuulia wadudu iliyo kali kuliko DDT, na wakaufuata mkondo wa sumu hiyo hadi kwenye kiwanda mjini Memphis. Kampuni ilikana. Habari hizo zilitangazwa mwanzoni mwa 1964, wakati Rachel Carson akiwa na wiki chache za kuishi.

Alifariki tarehe 14 Aprili 1964 nyumbani kwake Silver Spring, Maryland. Sehemu ya majivu yake ilizikwa kando ya mama yake, na sehemu ilimwagwa baharini huko Maine, alikokuwa na nyumba yake ya ufukoni.

NA MBU JE?

Msomaji wa pwani ana haki ya kuuliza swali moja, kwani nyumba nyingi huku zimezika watoto kwa malaria. Je, bibi huyu hakuinyima Afrika dawa ya mbu? Hili limesemwa sana na wanaomlaumu, na yafaa lijibiwe kwa uadilifu. Rachel Carson hakudai kwamba dawa za wadudu zisitumiwe kabisa. Alipinga kuzimwaga ovyo, kwa watu wasiojua wanamwaga nini. Tena aliwaonya watu wa tiba kwamba mbu huzoea. Alionyesha kuwa mwaka wa 1956 aina za mbu wa malaria walioishinda dawa zilijulikana 5 tu, na mwanzoni mwa 1960 zilikuwa 28. Dawa iliyomwagwa mashambani kwa ajili ya pamba ilimfunza mbu kuishi nayo, hata ilipohitajiwa kwa ajili ya mtoto ikawa haina makali.

Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka wa 1972. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliizuia duniani, lakini ukaacha mlango wa kuitumia dhidi ya wadudu waletao maradhi, na mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilikubali ipakwe ndani ya kuta za nyumba panapohitajika. Kupaka ukutani kwa kipimo ni jambo moja, na kumwaga juu ya mto ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka.

FUNZO KWETU

Mwaka huo wa 1972, miaka kumi baada ya kitabu chake, Umoja wa Mataifa uliunda shirika la kushughulikia mazingira, likawekwa Nairobi. Mwaka wa 1980 Rais Carter alimtunukia marehemu nishani ya juu ya raia wa Marekani. Heshima hizo ni njema, lakini sidhani kwamba ndizo ambazo bibi huyu angezitazama kwanza kama angekuja kwetu. Angeuliza habari za maji.

Angeambiwa, kwa mfano, kwamba mwaka wa 1999 Jumuiya ya Ulaya ilisimamisha kwa muda samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie masokoni mwake, baada ya kupata habari kuwa wako wavuvi waliokuwa wakitia ziwani dawa za kuulia wadudu ili wavue kwa urahisi. Watu waliotegemea sangara, kuanzia mwenye ngalawa hadi mama wa kukaanga, walionja uchungu kwa kosa la wachache. Hiyo ni Clear Lake nyingine, ila safari hii sumu haikuanguka kutoka angani. Ilitiwa kwa mkono wa mvuvi.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Samaki mmoja akielea mtoni, pengine ni uzee wake. Wakielea kumi, waitwe wajuao. Wapimwe maji, wapimwe na samaki wenyewe, na itazamwe juu mtoni ni shamba la nani, ni kiwanda cha nani, kumenyunyizwa nini na lini. Tena zitunzwe hesabu za samaki wakati wa uzima wao, kama walivyozitunza wale wa Miramichi, kwa sababu asiyejua samaki walikuwa wangapi jana hawezi kuthibitisha kwamba leo wamepungua. Kazi hiyo haina sifa wala ngoma. Rachel Carson aliifanya miaka mingi kwenye meza ya ofisi kabla ya dunia kulijua jina lake, na bila ya kazi hiyo kitabu chake kingekuwa malalamiko tu.